MASAFA NA MUDA WA SAFARI YA NDEGE BAINA YA ZANZIBAR NA MPANDA

Maelezo kwa watumishi wa Serikali na wananchi wanaokwenda Mkoa wa Katavi

Kila mtumishi anayepangiwa kazi, kikao au mafunzo katika Mkoa wa Katavi, na kila mwananchi mwenye jamaa huko, huanza kwa kuuliza maswali mawili: Mpanda ni mbali kiasi gani na Unguja, na ndege huchukua muda gani kufika? Maswali hayo yanaonekana kuwa ni mamoja, lakini majibu yake ni mbali mbali. Masafa baina ya viwanja viwili vya ndege hayabadiliki. Muda wa safari hubadilika kwa kufuata aina ya ndege, upepo, vituo vya njiani na muda wa kusubiri. Anayechanganya mambo hayo mawili huomba siku chache kuliko zinazohitajika, hukosa ndege ya kuunganisha, au hufika kikao kikiwa kimekwisha. Maelezo yafuatayo yanatolewa ili kila msafiri aweze kufanya hesabu yake mwenyewe kabla ya kuandika ombi la ruhusa au kukata tiketi.

Mpanda iko wapi

Mji wa Mpanda ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi, ulioko magharibi ya Tanzania Bara na kupakana na Ziwa Tanganyika. Mkoa huo ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo, Mpanda ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Rukwa, ambao makao makuu yake ni Sumbawanga. Kwa sababu hiyo, majalada na ramani za zamani huonyesha Mpanda chini ya Rukwa, na anayezitumia asidhani kuwa zinataja mji mwengine.

Ukubwa wa mkoa wenyewe nao ni jambo la kuzingatiwa. Eneo la Katavi ni zaidi ya kilomita za mraba 45,000, ilhali visiwa vya Unguja na Pemba kwa pamoja havifiki kilomita za mraba 3,000. Kwa hiyo, kufika kiwanja cha ndege cha Mpanda si lazima iwe ndio mwisho wa safari. Mwenye kazi Inyonga, makao makuu ya Wilaya ya Mlele, au Karema katika ufukwe wa Ziwa Tanganyika, bado atakuwa na mwendo mrefu wa gari mbele yake.

Masafa hupimwaje

Masafa ya anga baina ya viwanja viwili hupimwa kwa mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia, na si kwa kufuata barabara wala reli. Ili kuupata mstari huo hutumika longitudo na latitudo za kila kiwanja. Marubani na manahodha hupima kwa maili ya baharini, ambayo ni mita 1,852. Kipimo hicho kimechaguliwa kwa sababu kinalingana na dakika moja ya nyuzi katika duara la dunia, na nyuzi moja ina dakika 60. Hivyo, anayejua tofauti ya nyuzi baina ya mahali pawili anaweza kupata masafa kwa hesabu nyepesi.

Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Abeid Amani Karume kipo karibu na longitudo 39.2 mashariki na latitudo 6.2 kusini. Kiwanja cha Mpanda kipo karibu na longitudo 31.1 mashariki na latitudo 6.4 kusini. Kwa upande wa kaskazini na kusini, viwanja hivyo vinakaribia kuwa katika mstari mmoja. Tofauti yao ni ya mashariki na magharibi, nayo ni nyuzi 8 na kidogo. Nyuzi hizo, baada ya kurekebishwa kidogo kwa kuwa mistari ya longitudo husogeleana kadiri inavyoiacha Ikweta, zinatoa takriban maili za baharini 486, ambazo ni sawa na kilomita 900.

Jambo la kupendeza katika ramani ni kwamba Dodoma nayo ipo karibu sana na mstari huo huo. Ndege ambayo ingeruka kutoka Unguja kwenda Mpanda bila ya kukata kona ingevuka mkondo wa bahari, ikaingia Bara katika sehemu za Bagamoyo, ikapita karibu na Dodoma baada ya kilomita 380 hivi, kisha ikaendelea magharibi kwa kilomita nyengine 520 hivi juu ya vichaka na misitu ya miombo hadi Mpanda. Anayefikiri kuwa akifika Dodoma amekwishafika Katavi ajue kuwa sehemu kubwa ya safari bado ipo mbele yake.

Masafa kutoka Dar es Salaam

Wengi hudhani kuwa Dar es Salaam ipo karibu zaidi na Mpanda kuliko Zanzibar, kwa kuwa Dar es Salaam ipo Bara na Zanzibar imetengwa na bahari. Vipimo havionyeshi hivyo. Kiwanja cha Julius Nyerere kipo takriban kilomita 900 kutoka Mpanda, sawa na kiwanja cha Unguja. Dar es Salaam ipo kusini ya Unguja, wala haipo magharibi yake. Kwa hiyo anayekwenda Dar es Salaam hajaipunguza safari ya Mpanda hata kidogo. Ameongeza kilomita 73 hivi, ambazo ndizo masafa baina ya viwanja hivyo viwili.

Hata hivyo, kwa msafiri wa kawaida njia ya Dar es Salaam ndiyo njia, kwa sababu huko ndiko ndege za mikoani zinakokusanya abiria. Kwa hesabu hiyo safari huwa ya kilomita 970 hivi. Ikiwa ndege inatua Tabora kabla ya kwenda Mpanda, vipande vitakuwa vitatu: Unguja hadi Dar es Salaam kilomita 73, Dar es Salaam hadi Tabora kilomita 730 hivi, na Tabora hadi Mpanda kilomita 240 hivi. Jumla inakaribia kilomita 1,045. Msafiri anayetoka Pemba ataongeza kilomita 125 hivi kutoka kiwanja cha Pemba hadi Unguja.

Kwa hiyo nyongeza ya masafa si kubwa. Anayepitia Dar es Salaam na Tabora huongeza kilomita 145 tu juu ya 900. Kinachoongezeka sana ni muda, kama inavyoelezwa hapa chini.

Muda wa kuruka

Muda wa kuruka hupatikana kwa kugawa masafa kwa mwendo wa ndege, kisha kuongeza muda wa kupanda, kushuka na kutembea chini. Ndege haiendi kwa mwendo wake kamili tangu inapoiacha ardhi. Hutumia dakika kadhaa kupanda taratibu, na nyengine kadhaa kupunguza mwendo na kujipanga kwa ajili ya kutua. Aidha, muda unaoandikwa katika ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoanza kuondoka katika maegesho hadi inaposimama kwenye maegesho ya kiwanja cha pili, na si tangu magurudumu yanapoiacha ardhi.

Ndege aina ya Dash 8-Q400, zilizoundwa Kanada na kuanza kutumiwa na Shirika la Ndege Tanzania mwaka 2016, zina uwezo wa kwenda hadi kilomita 667 kwa saa. Tukichukua wastani wa kilomita 600 kwa saa, kilomita 900 huchukua saa 1 na dakika 30. Kwa kuongeza dakika 15 za kupanda, kushuka na kutembea chini, msafiri ahesabu saa 1 na dakika 45 hivi baina ya Dar es Salaam na Mpanda bila ya kutua njiani. Ndege ndogo ya injini moja, mfano wa Cessna Caravan ambazo wakaazi wa Unguja na Pemba wamezizoea, kwa wastani wa kilomita 300 kwa saa ingehitaji saa 3 kwa masafa hayo hayo, kabla ya nyongeza hizo.

Ikiwa ndege inatua njiani, itapaswa kushuka, kuteremsha na kupakia abiria na mizigo, kisha kupanda tena. Kwa makadirio, kituo kimoja huongeza dakika 45 hadi saa nzima, hata kama masafa yaliyoongezeka ni kilomita 70 tu.

Upepo na hali ya hewa

Wakaazi wa visiwa hawahitaji kuelezwa nguvu ya upepo katika safari. Nahodha wa jahazi anajua kwamba njia ile ile inaweza kuwa fupi kwa upepo wa nyuma na ndefu kwa upepo wa mbele. Na angani ni hivyo hivyo. Pepo za Afrika Mashariki, ziwe za kaskazi au za kusi, mara nyingi hubeba nguvu kutoka upande wa mashariki. Kwa hiyo ndege inayokwenda Mpanda aghalabu husukumwa, na inayorudi hukabiliana na upepo.

Mfano mmoja unatosha. Upepo wa kilomita 40 kwa saa ukiisukuma ndege yenye mwendo wa kilomita 600 kwa saa, kilomita 900 zitamalizika kwa dakika 84. Ndege ikirudi dhidi ya upepo huo huo itatumia dakika 96. Tofauti ni dakika 12. Kwa ndege ndogo yenye mwendo wa kilomita 300 kwa saa, kwenda ni saa 2 na dakika 39 na kurudi ni saa 3 na dakika 28. Tofauti ni dakika 49. Hivyo, kadiri ndege inavyokwenda polepole, ndivyo upepo unavyoigusa zaidi.

Vile vile majira ya mvua hayafanani. Zanzibar ina masika na vuli, ilhali Katavi ina msimu mmoja mrefu wa mvua, kwa kawaida tangu Novemba hadi Aprili. Katika miezi hiyo mawingu mazito ya radi hujengeka hasa nyakati za mchana na alasiri, na rubani hulazimika kuyazunguka au kusubiri. Mwenye kazi isiyoweza kuahirishwa ni vyema asipange kufika siku ile ile ya kazi.

Kiwanja cha Mpanda kipo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na cha Unguja kipo karibu sana na bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na ikiwa na joto huzidi kuwa nyepesi. Ndege inayoondoka mahali kama hapo huhitaji mwendo mrefu zaidi kabla ya kuruka, na wakati mwengine hupunguziwa uzito. Ndiyo sababu msafiri anayerudi na mizigo mingi asishangae kipimo cha uzito kikifuatwa kwa ukali.

Saa ya ukutani na saa ya jua

Zanzibar na Mpanda hutumia saa moja ya Afrika Mashariki, na msafiri habadilishi saa yake. Lakini jua halifuati saa ya ukutani. Dunia huzunguka nyuzi moja kwa kila dakika 4, na baina ya viwanja hivyo pana nyuzi 8 na kidogo. Kwa hiyo jua huchomoza na kuchwa Mpanda takriban dakika 33 baada ya Unguja. Anayefunga Ramadhani, na anayesali kwa kutazama ratiba aliyoichukua nyumbani, azingatie kwamba magharibi ya Mpanda haijaingia wakati Unguja watu wamekwishaketi kufuturu. Sala na futari hufuata mahali mtu alipo, si mahali alipotoka.

Tahadhari nyengine ni ya tiketi. Tiketi huandikwa kwa saa 24 za kimataifa. Saa 08:00 katika tiketi ni saa 2 asubuhi, na saa 14:00 ni saa 8 mchana. Ofisi zinazoandaa barua za safari ni vyema ziandike saa za Kiswahili na kutaja kipindi cha siku, ili asitokee mtumishi akaenda kiwanjani ndege ikiwa imekwisha ondoka.

Msafiri ahakikishe pia jina la kiwanja. Alama ya kiwanja cha Mpanda katika tiketi ni NPY, ya Unguja ni ZNZ na ya Dar es Salaam ni DAR. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, kuna kiwanja cha Ikuu kinachotumiwa na ndege ndogo za watalii. Mwenye kazi mjini Mpanda akishushwa Ikuu atakuwa yuko porini, mbali na mji.

Hesabu ya safari nzima

Ufuatao ni mfano wa hesabu ya mtumishi anayetoka mjini Unguja. Kutoka nyumbani hadi kiwanjani, dakika 30. Kuripoti na kusubiri, saa 1. Kuruka hadi Dar es Salaam, dakika 25. Kusubiri ndege ya kuunganisha, saa 2. Kuruka hadi Mpanda bila ya kutua njiani, saa 1 na dakika 45. Kuchukua mizigo na kuingia mjini, dakika 30. Jumla ni saa 6 na dakika 10. Katika muda huo, msafiri amekaa katika ndege saa 2 na dakika 10 tu, yaani karibu theluthi moja. Theluthi mbili zilizobaki zimetumika ardhini. Ndege ikitua Tabora, jumla itakaribia saa 7.

Muda wa kuunganisha ndio unaohitaji uangalifu mkubwa. Ikiwa tiketi mbili ni za mashirika mbali mbali, kuchelewa kwa ndege ya kwanza hakuizuii ya pili kuondoka, na msafiri huenda akalazimika kutoka jengo moja la abiria kwenda jengo jengine. Kwa kuwa ndege za mikoani haziendi kila saa, na ratiba zake hubadilika, anayeikosa moja huenda akalala Dar es Salaam. Gharama ya usiku huo haimo katika hesabu ya kilomita 900, lakini italipwa, ama na Serikali ama na msafiri mwenyewe.

Njia ya ardhini

Kwa wasiosafiri kwa ndege, tofauti ya masafa ya anga na ya ardhini ni kubwa. Tabora na Mpanda, ambazo kwa anga zimeachana kilomita 240 hivi, kwa barabara ya lami ya kupitia Koga, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2022, zina takriban kilomita 340. Reli ya Kati nayo ina tawi la kutoka Kaliua hadi Mpanda, lenye kilomita 210 hivi. Tawi hilo lilikamilika mwaka 1950 kwa ajili ya kusafirisha madini ya risasi ya Mpanda. Kwa reli hiyo ya zamani, kutoka Dar es Salaam hadi Mpanda ni zaidi ya kilomita 1,100. Abiria wa Unguja atatanguliza saa 2 hivi za boti ya kasi hadi Dar es Salaam, kisha ajiandae kwa safari ya zaidi ya siku moja.

Pale haraka inapohitajika

Hesabu hizi zina uzito zaidi pale penye dharura. Mtu aliyeko Mpanda akipokea asubuhi habari ya msiba wa Unguja, atauliza iwapo atawahi maziko, na waliopo nyumbani watauliza iwapo wamsubiri. Jibu halipatikani kwa kusema kuwa ndege huenda kwa saa 1 na nusu. Hupatikana kwa kuuliza mambo matatu kwa utaratibu: iwapo ndege ya siku hiyo bado haijaondoka, inatua wapi njiani, na inafika Dar es Salaam saa ngapi ikilinganishwa na ndege au boti ya mwisho ya kwenda Unguja. Likikosekana moja, jamaa waambiwe mapema ukweli ulivyo, ili maziko yasicheleweshwe kwa matumaini yasiyo na msingi. Utaratibu huo huo unafaa kwa anayemsafirisha mgonjwa na kwa anayeitwa kutoa ushahidi mahakamani.

Hivyo basi, wakuu wa ofisi, watumishi na wananchi wanashauriwa kuyachukua masafa ya kilomita 900 kuwa ni mwanzo tu wa hesabu. Kwa safari ya Mpanda, siku ya kwenda na siku ya kurudi kila moja ihesabiwe kuwa ni siku ya safari, na isipangiwe kazi nyengine. Katika majira ya mvua iongezwe siku moja ya akiba. Ratiba ithibitishwe na shirika la ndege linalohusika siku chache kabla ya safari, na mara nyengine siku moja kabla ya kuondoka.